Bilauri ya Maji kwa Mlaji Hotelini

Yapo mambo madogo ambayo watu huyapuuza mpaka siku yanapowakuta wenyewe. Mojawapo ni bilauri ya maji ya kunywa katika hoteli zetu za chakula. Mtu huingia, hukaa kitako, huagiza posho na maharage, au matoke na mchuzi wa karanga, hula na hulipa. Koo linapomkauka huomba maji ya kunywa, na hapo ndipo swali linapozuka. Je, apewe bilauri ya maji bila malipo kwa kuwa amekwisha kulipia chakula, au aambiwe anunue maji ya chupa?

Nasema hoteli kwa maana tuliyoizoea sote katika Afrika Mashariki, yaani mahali pa kula na kunywa chai, si nyumba ya kulala wageni. Hapa Malukhu, upande wa viwanda wa mji wa Mbale, na huko mjini kuelekea Mnara wa Saa, hoteli za namna hiyo ni nyingi. Hulisha makarani, madereva, vibarua, wachuuzi wa sokoni, waendesha bodaboda, na wakulima walioshuka kutoka milimani kuja kutafuta haja zao. Mimi mwenyewe ni mtumishi wa serikali, na siku tano za juma chakula changu cha mchana hukila hotelini. Kwa hiyo jambo hili silisemi kwa kulisikia. Ni jambo la meza yangu ya kila siku.

Nia yangu leo si kuwasuta wenye hoteli, ambao wengi wao ni akina mama wanaolea jamaa zao kwa jasho la jikoni. Nia yangu ni kulipima jambo lenyewe kwa mizani iliyo sawa, tuone haki iko wapi, gharama ni kiasi gani, na hatari iko wapi.

DESTURI TULIYOIKUTA

Katika nyumba zetu, mgeni hakaribishwi kwa maswali. Hupewa kiti, kisha hupewa maji. Hata nyumba isiyo na akiba ya unga haikosi maji ya kumpa mgeni. Kwa ndugu zetu wa pwani, kuna neno zima kwa jambo hili: maji ya sabili, yaani maji yaliyotolewa kwa ajili ya Mungu, ambayo kila mpita njia huruhusiwa kunywa bila kuulizwa atokako wala aendako. Mtungi huwekwa kivulini, kata huwekwa juu yake, na mwenye kiu hujihudumia.

Nasi wa huku bara tuna mfano wetu, tena wa mahali pa biashara hasa. Tazama wazee wanaponywa malwa, ile pombe ya ulezi. Chungu huwekwa katikati, kila mtu na mrija wake mrefu, na mara kwa mara huletwa birika la maji ya moto kuongeza chunguni. Mnywaji amelipia malwa. Maji ya moto huja pamoja na chungu. Sijapata kusikia mwenye kilabu akimhesabia mzee bei ya kila birika. Kila mtu anafahamu kwamba bila maji hayo chungu hakinyweki, na kwa hiyo maji ni sehemu ya kitu kilichouzwa.

Hali kadhalika ilikuwa katika hoteli. Wengi wetu tuliokulia katika mji huu twakumbuka jagi la plastiki lenye mfuniko, lililojaa maji yaliyochemshwa, likiwa katikati ya meza pamoja na vikombe. Mlaji alikuwa akijimiminia. Katika hoteli kadhaa ndogo desturi hiyo ingali hai, nami nazisifu. Lakini katika hoteli nyingi nyingine jagi limeondoka, na mahali pake pamesimama chupa za maji zilizopangwa ndani ya jokofu la kioo. Maji ya kunywa yamegeuka kuwa bidhaa kama soda.

Ajabu ni kwamba maji ya kunawa hayajageuka hivyo. Ukiingia hotelini huletewa birika na beseni, au huonyeshwa bomba na sabuni, unawe mikono kabla ya kula. Hakuna anayekutoza senti kwa hayo. Mwenye hoteli anajua kwamba mtu hawezi kula kwa mkono mchafu, basi gharama ya kunawa ameshaiweka ndani ya bei ya sahani. Nami nauliza: ikiwa mkono una haki ya maji, koo limekosa nini?

ANAYEUMIA NI NANI?

Mtu mwenye mshahara hawezi kuumia sana. Atanung'unika, kisha atanunua chupa. Anayeumia ni yule aliyeihesabu fedha yake kabla ya kutoka nyumbani.

Siku moja, katika hoteli ambayo sitaitaja jina, nilikaa meza moja na mzee aliyekuwa ametoka kliniki. Alikuwa ameagiza chai na chapati mbili, amezilipia na kuzila. Kisha akatoa mfukoni bahasha ya dawa, akaomba maji ya kumezea vidonge.

"Maji yapo, mzee, ni ya chupa," kijana mhudumu akamjibu kwa adabu.

"Mwanangu, nataka mafunda mawili tu."

"Mzee, nimekatazwa. Maji ya bomba si ya kunywa, na ya chupa yana hesabu."

Mzee hakugomba. Alizirudisha dawa mfukoni, akasema atazimeza akifika nyumbani. Nyumbani kwake kulikuwa mlimani, safari ya gari na kisha ya miguu. Nilimnunulia chupa ile, naye akashukuru kwa maneno mengi kuliko jambo lenyewe lilivyostahili. Lakini nilibaki nikifikiri. Kijana yule hakuwa mkorofi. Alisema kweli mbili: maji ya bomba bila kuchemshwa si ya kuaminiwa, na chupa ina mwenyewe. Kosa lilikuwa katika kanuni ya nyumba ile, ambayo haikuacha nafasi kati ya bomba na chupa. Nafasi hiyo ndiyo mahali pa jagi la maji yaliyochemshwa.

Wako wengine pia. Yuko mama mjamzito, ambaye daktari humwambia anywe maji kwa wingi. Yuko kibarua aliyepakia magunia ya kahawa tangu alfajiri, ambaye jasho lake pekee ni lita nzima. Yuko mtoto, ambaye hajui bei wala hajui kungoja. Yuko pia mtu mwenye ugonjwa wa sukari. Huyu nitamsemea zaidi.

Maji ya chupa yakiwa na bei sawa na soda, au karibu sawa, watu wengi huchukua soda. Huona kwamba kwa fedha ileile wamepata na utamu. Lakini chupa moja ya soda ya mililita 300 aghalabu huwa na sukari ya gramu thelathini au zaidi, yaani vijiko saba au vinane vya chai. Hakuna mtu ambaye angetia vijiko vinane katika kikombe chake cha chai mbele za watu bila kuona haya. Katika soda hatuvioni, basi twavinywa. Jagi likiondolewa mezani, kiu haiondoki. Hugeuzwa njia tu, ikapelekwa kwenye sukari. Hili ni jambo la afya ya jamaa zetu.

HOJA ZA MWENYE HOTELI

Haki haisikilizwi kwa sikio moja. Kwa hiyo nilimwendea mama mmoja mwenye hoteli ndogo hapa Malukhu, mpishi hodari wa malewa, yale machipukizi ya mianzi yaliyokaushwa kwa moshi na kupikwa kwa karanga. Nilimwuliza kwa nini aliliondoa jagi. Alinijibu huku akipepeta mchele.

"Dada, wewe waona maji. Mimi naona mkaa," alisema. "Maji hayajichemshi. Halafu wapo watu wanaoingia, wanakunywa vikombe vitatu, wanafuta midomo na kuondoka bila kununua hata andazi. Na kama mtu akiumwa tumbo, hata kama alikula embe bovu njiani, atasema ni maji ya hoteli yangu. Chupa ikifunguliwa mbele yake, lawama ni ya kiwanda."

Hoja hizo tatu, yaani mkaa, wanywaji wasiolipa, na lawama ya ugonjwa, si visingizio. Kila moja yastahili jibu lake, na wala si jibu la kuambiwa kwamba wafanya biashara wana tamaa. Tuzichukue moja moja.

TUFANYE HESABU

Tuanze na gharama. Maji ya bomba huuzwa kwa uniti, na uniti moja ni lita 1,000. Lita hizo hujaza jerikeni 50 za lita 20, au bilauri 4,000 za robo lita. Tuseme, kwa mfano tu, uniti moja inamgharimu mwenye hoteli shilingi 5,000. Bilauri moja itakuwa imemgharimu shilingi moja na robo. Maji yenyewe basi si mzigo.

Mzigo ni mkaa, kama alivyosema yule mama. Kuchemsha lita 20 katika jiko la kawaida huhitaji mkaa wa karibu kilo moja. Tuseme kilo hiyo ni shilingi 2,000. Lita 20 ni bilauri 80, na kila bilauri itabeba shilingi 25 za mkaa. Ukijumlisha na maji yenyewe hupati shilingi 27. Ongeza sabuni ya kuoshea vyombo na mkono wa anayeosha, hata ukikadiria mara mbili, utafika kama shilingi 50 kwa bilauri.

Chukua mlaji aliyekula sahani ya shilingi 5,000. Bilauri yake ni sehemu moja katika mia ya alicholipa. Mwenye hoteli anaweza kuimeza gharama hiyo bila kuhisi, au anaweza kuiweka ndani ya bei ya sahani kama alivyoweka gharama ya kunawa, ya chumvi, na ya vijiti vya meno. Tena hoteli huwa na moto tangu alfajiri kwa ajili ya chai. Baada ya chakula cha mchana makaa hubaki mekundu kwa muda mrefu. Sufuria ya maji ikiwekwa juu yake, sehemu ya kazi hufanyika kwa moto ambao ungepotea bure.

Mwenye hoteli atasema: lakini nitapoteza faida ya chupa. Ni kweli, atapoteza kiasi. Hata hivyo, wengi waombao jagi si wale ambao wangenunua chupa. Ni wale ambao wangekaa na kiu. Na mlaji aliyeridhika hurudi kesho pamoja na mwenzake. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Kuhusu wanywaji wasiolipa, jibu ni jepesi. Tunachodai hapa ni maji kwa mlaji aliyelipa. Jagi liletwe pamoja na sahani, lisikae mlangoni. Kumpa mpita njia ni sadaka, na sadaka ni hiari ya mtu. Kumpa mlaji ni sehemu ya huduma aliyoilipia. Tukiyatenganisha mambo hayo mawili, ugomvi mwingi utakwisha.

JE, MAJI YA BOMBA NI SALAMA?

Hoja ya tatu, ya ugonjwa, ndiyo nzito kuliko zote, na ndiyo inayolitofautisha swali letu na swali hilohilo katika nchi za mbali.

Huko Ufaransa, tangu tarehe 1 Januari 2022, sheria inazitaka hoteli za chakula na baa kumwonyesha mteja kwamba anaweza kuomba maji ya kunywa bila malipo. Hispania nayo ilitunga sheria ya namna hiyo mwaka 2022. Katika Uingereza na Wales, tangu mwaka 2010, mahali penye leseni ya kuuza pombe ya kunywewa hapohapo panatakiwa kumpa mteja maji ya bomba bure akiyaomba. Sheria hizo ni njema, lakini zilitungwa mahali ambapo mtu hukinga bilauri bombani na kunywa bila wasiwasi. Tukizichukua jinsi zilivyo tukaziandika hapa, twaweza kuwaua watu kwa ukarimu.

Shirika la Taifa la Maji na Maji Taka liliundwa mwaka 1972, likianza na miji ya Kampala, Jinja na Entebbe, na baadaye likaenea katika miji mingine ikiwemo Mbale. Maji yetu hapa hutoka katika mito ishukayo Mlima Elgon, ukiwemo Manafwa. Hutulizwa tope, huchujwa, na hutiwa klorini kabla ya kuingia katika mabomba. Yatokapo mtamboni yamekwisha kusafishwa. Lakini kutoka mtamboni hadi mezani ni safari ndefu. Bomba likipasuka, na nguvu ya maji ikapungua kwa sababu ya mgawo, uchafu ulio nje ya bomba huweza kuvutwa ndani kupitia ufa. Maji yakikatika, hoteli hutumia akiba ya pipa au jerikeni, na hapo mikono na vikombe vichafu humaliza kazi ya klorini.

Sisi wa Mbale hatuhitaji kuambiwa jinsi mambo hayo yanavyoweza kuharibika. Usiku wa tarehe 30 kuamkia 31 Julai 2022, mvua kubwa iliifurisha mito ya Nabuyonga na Namatala. Watu zaidi ya ishirini walikufa, nyumba zilibomoka, na mabomba ya maji yakang'olewa. Maji yalikuwa kila mahali, na ya kunywa hayakuwepo. Wakati wa namna hiyo ndipo mtu hufahamu kwamba maji mengi si maji safi.

Na mwaka 2015 mji wa Kampala ulipatwa na homa ya matumbo. Walioshukiwa kuugua walizidi 10,000. Wachunguzi walipofuatilia, waligundua uchafu katika maji yaliyofungwa katika mifuko ya plastiki na katika vinywaji vya kienyeji, vitu ambavyo vilikuwa vikiuzwa kila siku kwa watu wenye kiu na fedha kidogo. Hapa pana fundisho kwa pande zote mbili. Kwa mwenye hoteli: maji yasiyotengenezwa vizuri ni hatari, na hofu yako ni ya haki. Kwa anayesema kwamba kulipa ndiko kunakoleta usalama: wagonjwa wale walikuwa wameyalipia maji yao. Bei haiui vijidudu. Moto ndio unaoviua.

Kwa hiyo tusidai maji ya bomba ya bure. Tudai maji yaliyochemshwa, au yaliyotakaswa kwa dawa, yatolewe bure kwa mlaji. Tofauti ya maneno hayo ni tofauti ya afya na ugonjwa.

KAZI YA JIKONI

Nilipokuwa chuo cha ualimu, somo la maji lilikuwa miongoni mwa yale tuliyotakiwa kulifundisha kwa vitendo, si kwa ubao peke yake. Naliweka hapa kwa faida ya wenye hoteli na ya nyumba zetu pia.

Kwanza, maji yakiwa na tope, kama yanavyokuwa wakati wa mvua za mlimani, yaache yatulie, kisha yachuje kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara kadhaa. Tope huvificha vijidudu na hupunguza nguvu ya dawa.

Pili, yachemshe mpaka yatokote kwa mapovu makubwa, kisha yaache yaendelee kutokota kwa dakika moja nzima. Kwa wale waishio juu sana mlimani, zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, dakika ziwe tatu, kwa kuwa huko maji hutokota kwa joto la chini zaidi. Maji ya uvuguvugu yaliyotoa moshi kidogo hayajachemka.

Tatu, yapoe ndani ya sufuria ileile, ikiwa imefunikwa. Halafu yamimine katika chombo safi chenye mdomo mwembamba au chenye kibomba chini. Chombo kisitumbukizwe kikombe wala mkono. Jagi la mezani liwe na mfuniko, na lioshwe kila siku kwa sabuni na maji ya moto.

Nne, anayependa maji baridi asitie barafu ya maji yasiyochemshwa, maana atakuwa amejenga kwa mkono mmoja na kubomoa kwa mwingine. Mtungi wa udongo hutosha. Maji hupenya taratibu katika udongo wake na kukauka nje, na hivyo yaliyomo hupoa. Lakini mtungi nao husuguliwa, na maji ya jana hayachanganywi na ya leo.

Tano, pasipo na mkaa wa kutosha, vipo vidonge vya kutakasia maji. Fuata maelezo yaliyoandikwa kwenye pakiti, wala usikisie, na ungoje nusu saa kabla ya kunywa. Liko pia jua: maji maangavu katika chupa safi ya plastiki ing'aayo, yakilazwa juani saa sita za jua kali, hupata kunyweka. Njia hii yafaa nyumbani zaidi kuliko hotelini, ambako walaji ni wengi.

Mwisho, bilauri. Maji yaliyochemshwa vizuri yakitiwa katika bilauri iliyosuuzwa ndani ya beseni moja na nyingine mia, kazi yote imepotea. Bilauri ioshwe kwa sabuni, isuuzwe kwa maji safi, na ianikwe ikiwa imeinamishwa. Kitambaa cha kufutia meza kisiguse bilauri.

NINI KIFANYIKE?

Katiba ya nchi yetu ya mwaka 1995 imeyataja maji safi na salama miongoni mwa mambo ambayo taifa linapaswa kujitahidi raia wote wayapate. Tarehe 28 Julai 2010, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilitambua kwamba maji safi ya kunywa ni haki ya binadamu. Maneno makubwa kama hayo hayawezi kukaa juu ya vilima tu. Lazima yashuke mpaka mezani.

Mbale na Jinja zote mbili zilipandishwa kuwa majiji tarehe 1 Julai 2020. Jiji si majengo marefu na taa za barabarani peke yake. Nilipopelekwa Jinja kikazi, nilikula katika hoteli iliyo karibu sana na mahali Mto Nile uanziapo safari yake kutoka ziwani. Maji yalipita mbele yetu usiku na mchana, nasi mezani tulinunua ya chupa, kisha chupa tupu zikatupwa katika pipa lililokwisha kufurika. Plastiki hizo ndizo tunazoziona katika mitaro yetu mvua inaponyesha.

Maoni yangu ni haya. Halmashauri za majiji yetu ziweke sharti katika leseni ya hoteli ya chakula, kwamba mlaji aliyelipa apewe bilauri moja ya maji yaliyochemshwa au kutakaswa, akiomba. Bilauri moja inatosha kumezea dawa na kutuliza koo; atakaye zaidi, au atakaye ya chupa, anunue. Sharti hilo lianze na hoteli kubwa zenye uwezo, na hoteli ndogo zipewe muda na mafunzo. Maafisa wa afya wanapokuja kukagua jiko, wasitazame choo na sakafu tu. Watazame pia sufuria ya maji na chombo chake. Wakikuta maji ni safi, waandike hivyo katika cheti ambacho mwenye hoteli atakitundika ukutani. Cheti hicho kitamlinda dhidi ya lawama za uongo kuliko chupa inavyomlinda.

Nasi walaji tuna wajibu wetu. Tusiingie hotelini kunywa na kutoka. Tusiombe jagi zima tukanawia miguu. Tusimtukane mhudumu, maana si yeye aliyeitunga kanuni. Tuulize kwa adabu: "Maji haya yamechemshwa?" Swali hilo moja, likiulizwa kila siku na watu wengi, litalifundisha jiko kuliko hotuba yoyote. Na tukipewa maji mema, tumshukuru mwenye hoteli, kisha tumwambie mwenzetu mahali tulipoyapata.

Mwaka wowote wa shufwa, msimu wa Imbalu ukifunguliwa kwa ngoma katika uwanja wa Mutoto, mji wetu hupokea wageni wengi. Huja kututazama desturi zetu, na hula katika hoteli zetu. Wataondoka na habari za vijana wetu jinsi walivyosimama imara bila kupepesa jicho. Ingefaa waondoke pia na habari kwamba katika mji huu, mtu akilipia chakula chake, hawekwi na kiu mezani. Kutoa ni moyo, wala si utajiri. Na hapa hatuombi kutoa kwingi. Twaomba bilauri moja, iliyochemshwa, na iliyofunikwa.